Jalada la A.E.J. Collins: upande wa kriketi umefungwa, sasa ni Ypres, Ubelgiji, alikofia vitani

Kazi ya hesabu imekwisha. Lengo lilikuwa kupima kama mikimbio 628 bila kutolewa, aliyoipiga Arthur Edward Jeune Collins Juni 1899 akiwa na miaka 13 katika shule ya Clifton College, Bristol, inakubali ikijumlishwa upya kutoka chini. Inakubali. Mchanganuo wake ni huu: pigo moja la mikimbio sita, manne ya tano, 31 ya nne, 33 ya tatu, 146 ya mbili na 87 ya moja. Yaani 6 + 20 + 124 + 99 + 292 + 87 = 628. Kwa siku pia inakaa sawa, jumla ikipanda: 200 Alhamisi tarehe 22, 509 Ijumaa, 598 Jumatatu, 628 Jumanne. Clark's House, timu ya Collins, walimaliza na 836 katika zamu moja ya kupiga, wapinzani wao North Town wakatoka kwa 87 na 61 katika zamu mbili, na tofauti inabaki 688 na zamu nzima mkononi. Collins huyohuyo alichukua wiketi 11, yaani aliwatoa wapigaji 11, kwa mikimbio 63.

Hesabu kukubali si ushahidi kwamba kila mkimbio uliandikwa sawa. Mmoja wa waweka alama, Edward Peglar, anakumbukwa kwa kusema ni 628, jumlisha au toa 20. Aliyefanya mchanganuo baadaye angeweza kuusawazisha ufikie jumla iliyokwisha tangazwa. Kwa hiyo kwenye kadi ya alama nimeandika "628, kama ilivyowekwa", na nadhani ndivyo iandikwe kila mahali.

Yale mapigo 146 ya mbili huwatisha wengi wakadhani ni kosa la uchapaji. Chanzo ni kiwanja: upande mmoja ulikuwa na mpaka wa karibu sana, na mpira ukifika pale ulihesabiwa mbili tu, upande wa pili uliteremka, na kila pigo ilibidi likimbiwe lote. Hapo ndipo hata zile tano zilipotoka.

Anayejenga upya mechi yoyote ya Uingereza ya 1889 hadi 1899 akumbuke kwamba ova, yaani mfululizo wa mipira ya mrushaji mmoja, ilikuwa ya mipira mitano. Ova za mipira sita zilianza 1900. Ukiiacha programu ya kuhesabia alama na sita zake, ova za kila mrushaji zitatoka pungufu. Vilevile, usimwandike Collins kama mchezaji wa daraja la kwanza, ngazi ya juu ya kriketi, hakuwahi kufika huko, wala usimwite mwenye rekodi ya sasa: Pranav Dhanawade alipiga 1,009 karibu na Mumbai, India, Januari 2016.

Upande wa jeshi, maana Collins alikuwa ofisa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, anzia hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jina Collins ni la kawaida mno. Chuja kwa Royal Engineers, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1914. Utampata yeye, kapteni wa kombania ya 5 ya uwandani, aliyekufa 11 Novemba 1914 akiwa na miaka 29. Hana kaburi linalojulikana, jina lake liko Menin Gate, lango la ukumbusho huko Ypres. Usitafute picha ya jiwe la kaburi.

Hatua inayofuata ni shajara ya kombania, mfululizo wa WO 95 katika hifadhi ya taifa ya Kew. Siku aliyokufa, Walinzi wa Prussia, askari wa Ujerumani, walivunja mstari wa Waingereza karibu na msitu wa Nonne Bosschen, na wahandisi wa kombania ya 5 wakaacha sururu na kushika bunduki katika shambulio la kujibu kando ya msitu wa Polygon Wood. Shajara hutaja maofisa kwa majina, lakini askari wa kawaida mara nyingi huwa idadi tu. Inauma kuisoma hivyo, basi kila idadi naiingiza kwenye jalada kando ya jina la ofisa.

Medali nazo zina mtego. Nyota ya 1914 ni kwa waliohudumu Ufaransa au Ubelgiji kati ya 5 Agosti na 22 Novemba 1914. Ile ya 1914–15 ni nyingine. Maofisa au jamaa zao walilazimika kuziomba, hivyo kadi tupu katika WO 372, faharasa ya medali huko Kew, haimaanishi hakustahili.

Kilichobaki ni ramani. Ramani za mahandaki za miaka ya baadaye zinaonyesha mistari iliyokwisha hama, na msitu wenyewe ulisagwa na mizinga. Nitapima kutoka kwenye barabara na mashamba yanayotajwa katika shajara, kisha nihamishie kwenye ramani ya leo.