Nilivyofikisha Wi-Fi hadi vyumba vya uani kwa ruta ya bendi mbili na ekstenda

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, imejengwa kwa mpango wa nyumba nyingi za Waswahili: ukumbi mrefu unaopita katikati kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wa uani, vyumba pande zote mbili, kisha ua wenye jiko, bafu na safu ya vyumba vya nyuma. Mpango huo unafaa sana kwa hewa na kwa watu, lakini kwa Wi-Fi una taabu yake, kwa sababu mafundi wa faiba huishia sebuleni, ilhali anayeihitaji intaneti kuliko sisi wote, mpwa wangu anayesoma uhasibu kwa njia ya mtandao, analala chumba cha mwisho kabisa uani.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua mawimbi yanapotelea wapi. Nilipakua kwenye simu programu ya bure ya kupima nguvu ya mawimbi, nikatembea nayo kutoka sebuleni hadi uani. Kipimo chake ni dBm, ambacho huandikwa kwa namba hasi: kadiri namba inavyoisogelea sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, na kila ikishuka kwa 10, nguvu inayoifikia simu imebaki sehemu moja tu ya kumi ya ile ya awali. Nyumbani kwetu, hadi hasi 65 mazungumzo ya video hayana shida, kuanzia hasi 75 yanakatikakatika, na baada ya hasi 80 hata ujumbe wa kawaida hujivuta. Sebuleni nilisoma hasi 38, katikati ya ukumbi hasi 58, na chumbani kwa mpwa wangu hasi 74. Huo ulikuwa mchana.

Usiku ilikuwa habari nyingine, na kwa muda mrefu tuliamini kwamba mtandao unalemewa kwa kuwa majirani wote wamerudi makwao. Mpwa wangu ndiye aliyeuliza, "Mjomba, mbona darasa huganda kila bibi akishafunga mlango wa uani?" Mlango huo ni wa bati nene lililochomelewa kwenye fremu ya chuma, na chuma hakipitishi mawimbi ya redio, bali huyarudisha yalikotoka. Nilisimama uani na simu mkononi, mama akawa anaufungua na kuufunga: ukiwa wazi nilisoma hasi 74, ukifungwa hasi 86. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo intaneti yako inataka tulale mlango wazi?" Kwa sababu ya wezi, suala la mlango halikuwa na mjadala.

Nilianza na ruta yenyewe, kifaa kinachorusha Wi-Fi, na hapa nina msimamo: asinunue ekstenda, yaani kifaa cha kuyafikisha mbali mawimbi ya ruta, mtu ambaye ruta yake bado imefichwa nyuma ya televisheni. Yetu ilikuwa chini, kwenye kabati, katikati ya waya. Kisanduku cha faiba nilikiacha palepale, nikavuta waya wa mtandao juu ya ukuta hadi ukumbini, na ruta nikaifunga karibu na dari, mahali ambapo inauona ukumbi wote hadi mwisho. Kwa kuhamisha huko tu, bila kununua kifaa chochote kipya, vyumba vyote vya ndani vilipata mawimbi ya kutosha.

Kisha nikazipanga bendi, yaani makundi mawili ya masafa ambayo ruta yetu hurushia mawimbi. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi na hupenya ukuta wa matofali ya saruji kwa unafuu, lakini uwanja wake ni mwembamba na umejaa watu: majirani, vifaa vya Bluetooth, hata oveni za maikrowevu hutumia masafa hayohayo. Ya gigahezi 5 ni mafupi, takriban nusu ya hapo. Hubeba data nyingi zaidi, ila kila ukuta huyapunguza sana. Programu ilinionyesha kwamba mtaani kwetu karibu kila mtu yuko kwenye chaneli ya 6 ya bendi ya 2.4, chaneli zikiwa ni vijia ambavyo bendi hugawanywa. Kwa kuwa kwenye bendi hiyo ni chaneli za 1, 6 na 11 ambazo hazigongani, niliiweka ruta kwenye 11 na upana wa megahezi 20, ingawa mipangilio iliniruhusu 40, ambayo mtaa uliosongamana hauihimili. Bendi ya 5 niliiweka kwenye chaneli ya 36 na upana wa megahezi 80. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 nilizikwepa kwa makusudi, kwani hutumiwa pia na rada, hivyo ruta hulazimika kusikiliza kwanza kabla ya kurusha na kuhama pindi ikisikia rada, na ekstenda nyingi za bei nafuu hazizitumii kabisa.

Sasa ekstenda. Hiki ni kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya, na kinachosahaulika ni kwamba hakiwezi kurusha kizuri kuliko kile kilichopokea. Ukikiweka chumbani ambako mtandao haufiki, simu itaonyesha mistari yote imejaa na video itaganda vilevile. Tena, chenye bendi moja hupokea na kurusha kwenye chaneli ileile kwa kupokezana, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Ndiyo maana nilinunua cha bendi mbili, nikakiagiza kiunganishwe na ruta kwa gigahezi 5 na kuwahudumia watu wa uani kwa gigahezi 2.4.

Mahali pa kukiweka palinisumbua kuliko mipangilio yote. Mwisho wa ukumbi, kando ya ule mlango wa chuma, pana dirisha linalotazama uani, lakini lilikuwa na wavu wa mbu wa waya wa alumini, na matundu ya milimita moja au mbili ni ukuta mtupu kwa wimbi la sentimita 12. Fundi seremala aliuondoa na kuweka wavu wa plastiki, na fundi umeme akatuwekea soketi juu, usawa wa dirisha. Pale ekstenda inaiona ruta moja kwa moja kupitia ukumbi, kwa hasi 60 kwenye bendi ya 5, na upande wa pili inauona ua, mlango ukifungwa au ukifunguliwa.

Kuiunganisha hakukuchukua muda: niliichomeka kwanza karibu na ruta, nikajiunga na mtandao wake wa muda, nikafungua kivinjari, nikachagua mtandao wa ruta na kuingiza nenosiri, kisha nikaihamishia dirishani. Mtandao wake niliupa jina la peke yake, "Uani", maana simu nyingi hung'ang'ania mtandao wa mbali wenye jina lilelile hata zikiwa zimekaribia ulio bora. Usalama niliuweka WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, kwa ajili ya simu ya mama ambayo haiijui WPA3 iliyo mpya zaidi. Nikabadilisha nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, na kitufe cha WPS, kinachounganisha vifaa bila kuandika nenosiri, nikakizima.

Kifurushi chetu ni cha megabiti 30 kwa sekunde. Chumbani kwa mpwa wangu, usiku, mlango ukiwa umefungwa, sasa tunapima kati ya 17 na 22, mahali ambapo zamani tulipata 2 kwa bahati. Kilichobaki ni umeme: ruta na kisanduku cha faiba vina betri ndogo ya volti 12, lakini ekstenda hula umeme wa ukutani moja kwa moja na haina tundu la betri, kwa hiyo umeme ukikatika mpwa wangu hubeba kompyuta yake na kuhamia ukumbini. Waya wa mtandao wa kupitisha juu ya dari hadi uani nimeshaununua, na masika ikiisha fundi atakuja kuuvuta.