Kulifuata neno hadi Kinghorn

Neno lenyewe nililisikia kwanza kwenye bucha moja ya Edinburgh. Mama aliyenitangulia kwenye foleni alionyesha kwa kidole haggis moja iliyotuna, inang'aa, akaomba apewe hiyo iliyo "sonsie". Haggis ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, vikasagwa pamoja na oti, vitunguu na mafuta, kisha, kwa desturi ya zamani, vikashindiliwa kwenye tumbo la kondoo. Mshairi wa Kiskoti Robert Burns aliitungia shairi mwaka 1786, na mstari wa kwanza kabisa unausifu uso wake wa sonsie. Mpaka leo, tarehe 25 Januari, Waskoti hulisoma mezani kabla ya kuipasua kwa kisu.

Nikadhani maana yake ni unene tu. Jioni bibi mwenye nyumba niliyofikia akanisahihisha: unene unakuja mwisho, kwanza ni bahati. Asili yake ni Kigaeli, lugha ya kale ya Scotland: sonas, furaha na bahati njema kwa pamoja. Ukisema unsonsy, hapo umetaja mtu au kitu chenye kisirani. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia, maana kwetu mtu akipata nafuu ya maisha tunamwambia amenawiri, na hakuna anayetenganisha shavu na neema iliyolijaza.

"Basi nenda Kinghorn," akasema.

Kesho yake nikapanda treni. Tulivuka daraja la Forth, lile la chuma chekundu lililofunguliwa mwaka 1890, bahari ikiwa mbali chini ya miguu, kisha tukaambaa na pwani ya Fife. Niliposhuka Kinghorn upepo ulinikata masikio. Nikafuata barabara ya Burntisland, kwa miguu, hadi kwenye mnara wa mawe wenye msalaba juu, chini ya majabali.

Hapa ndipo alipokufa Alexander wa Tatu, mfalme wa Scotland, Machi 1286. Alikuwa Edinburgh na wakuu wake, usiku wa dhoruba, akang'ang'ania kwenda kwa mkewe Yolande, waliyeoana miezi michache tu nyuma. Akavushwa kwa mashua, akapanda farasi, gizani akapoteana na wenzake. Asubuhi walimkuta amevunjika shingo. Alikuwa na miaka 44. Wanawe wote walikuwa wameshatangulia. Mrithi alikuwa mjukuu wake wa kike, mtoto mdogo huko Norway, naye akafa mwaka 1290. Mwaka 1296 Waingereza wakavamia.

Andrew wa Wyntoun, katika kitabu cha historia alichokiandika karne ya 15, ametuhifadhia ubeti wa maombolezo, miongoni mwa tungo za kale kabisa za Kiskoti zilizobaki. Humo limo neno letu, katika umbo lake kongwe: "Away wes sons of ale and brede." Sons, yaani neema, ya pombe na mkate imetoweka. Mfalme kafa, na anayelia anataja mkate! Nimekulia nyumba ambayo debe la unga likisikika tupu, hata kicheko hupungua, kwa hiyo mstari huu ulinichoma.

Niliusoma kwa sauti pale mnarani. Mzee aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama, akaupokea, akauendeleza kwa kichwa mpaka mwisho, pale Kristo anapoombwa aiokoe Scotland. Kisha akaivuta kamba ya mbwa, wakaendelea na njia yao.