Nilivyolimudu soko la Krismasi la Rothenburg

Mara ya kwanza nilipokwenda Rothenburg ob der Tauber, mji mdogo wa Ujerumani wenye wakazi wapatao 11,000 na ukuta wa kale unaouzunguka, nilifukuzwa na vidole vya miguu yangu mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba. Koti nililovaa lilikuwa zito la kutosha, lakini miguuni nilikuwa na raba ambazo nilizijaza jozi mbili za soksi, na baada ya kusimama saa nzima juu ya mawe ya barabara sikuhisi tena vidole. Mama mmoja muuza kofia za sufu aliitazama miguu yangu, akatikisa kichwa, akanieleza kwamba kosa ni zile soksi mbili, kwani kiatu kinachobana huzuia damu isifike vidoleni na hakiachi nafasi ya hewa ya kuhifadhi joto. Nilirudi Nürnberg, ninakoishi, kabla taa hazijawashwa.

Mwaka uliofuata nilinunua buti zilizozidi kipimo changu kwa namba moja, nikatandika ndani yake manyoya ya kondoo na kuvaa soksi za sufu jozi moja tu. Nilichagua Jumanne, nikalipia chumba cha usiku mmoja ndani ya ukuta. Safari yenyewe ni rahisi: unabadilisha treni Ansbach, kisha Steinach, na kutoka stesheni ya Rothenburg ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu hadi lango la Rödertor. Tikiti ya siku ya jimbo la Bavaria, iliyo nafuu, katika siku za kazi haitumiki kabla ya saa 3 asubuhi, kwa hiyo hakuna haja ya kudamka.

Soko hilo, ambalo wenyeji huliita Reiterlesmarkt, kwa kawaida hufungwa Desemba 23, na anayepanga kufika siku ya Krismasi yenyewe atakuta vibanda vimekwisha fungwa. Ndugu zangu wa Pemba waliniuliza Mwislamu anatafuta nini huko. Niliwajibu kwamba natafuta chakula, ingawa hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Soseji nyingi ni za nguruwe. Hata Schneeballen, maandazi ya mviringo ya vipande vya unga vilivyokaangwa na kunyunyiziwa sukari, yanayonikumbusha visheti, katika baadhi ya mapishi hutiwa pombe ya plamu, kwa hiyo niliuliza kabla ya kununua. Kinywaji changu kilikuwa Kinderpunsch, maji ya matunda ya moto yasiyo na kilevi, yaliyotiwa mdalasini na karafuu. Pua ya Mpemba haikuhitaji kuelezwa. Kikombe hulipiwa dhamana, nawe hurudishiwa fedha ukikirejesha, na mimi nilikishika kwa mikono miwili muda mrefu kuliko nilivyohitaji kunywa.

Saa 10 na nusu jioni giza lilikuwa limeanza kuingia, na kufikia saa 1 usiku mabasi ya watalii yalikuwa yameondoka. Hapo ndipo nilipoona faida ya chumba nilichokuwa nimekilalamikia bei. Kwenye uwanja wa soko kuna saa ambayo madirisha yake hufunguka, likatokea sanamu la meya Nusch akinywa mvinyo mbele ya jemadari Tilly, ambaye jeshi lake lilikuwa limeuteka mji; hekaya husema mwaka 1631 meya huyo aliuokoa mji kwa kumaliza lita tatu na robo kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo sioni namna ya kulisadiki. Ile Jumamosi niliona simu zilizoinuliwa tu. Safari hii, saa 2 usiku, tulikuwa watu wanne na mbwa mmoja, na kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa bado na joto, nilisubiri hadi saa 3 nimwone meya akinywa tena.