Vilima vya Mabatini vinanirudishia mwili

Ndugu zangu wa ughaibuni, hasa wenzangu tunaokula jasho la usukani, leo naandika kuhusu mwili. Mimi naendesha basi Birmingham, Uingereza. Kazi ni ya kukaa, na ukitoka kazini unakaa tena, maana majira ya baridi giza linaingia saa kumi jioni na hamu ya kutoka nje inakufa yenyewe. Miaka imepita hivyo. Mwaka huu madereva wenzangu wameunda timu ya mbio za vikwazo, nami nikajiandikisha. Likizo nimekuja kuimalizia kwetu Mwanza, na kila asubuhi niko mlimani.

Kwa asiyezijua mbio hizi: unakimbia mashambani na kwenye matope, na njiani unakuta kuta za kuparamia, kamba za kupanda, vyuma vya kuning'inia, nyavu, seng'enge za kutambaa chini yake, na mifuko ya mchanga ya kubeba. Mazoezi ya aina hiyo majeshi wanayo tangu zamani. Kwa raia, Uingereza walitangulia: mashindano ya Tough Guy yalianza 1987 shambani karibu na Wolverhampton, jirani kabisa na ninakoishi. Siku hizi Spartan Race wana daraja la kilomita 5 lenye vikwazo 20, la kilomita 10 lenye vikwazo 25, na la kilomita 21 lenye vikwazo 30. Na kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, vikwazo vinachukua nafasi ya farasi katika pentathloni ya kisasa, shindano la michezo mitano. Nayasema haya kwa sababu kuna ndugu waliodhani ni michezo ya watoto.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliamini. Mtu aliyekaa muda mrefu akitaka kurudisha mwili, anavaa raba anaanza kukimbia, kwa kuwa pumzi ndiyo inayomsumbua kwanza. Mimi nasema aanze na viganja, mabega na vifundo vya miguu. Moyo na pumzi vinaitika mapema. Ukiyashika mazoezi wiki chache tu unaona tofauti. Misuli nayo haichelewi sana. Lakini kano, zile nyuzi ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa, zinapata damu kidogo na zinakomaa polepole, kwa miezi. Kwa hiyo hatari inakuja pale unapojisikia umeiva: pumzi ipo, paja lina nguvu, unarukia kamba kwa pupa, na kano ya kiwiko au ya kisigino inakuangusha. Kwenye mbio za barabarani unaweza ukajikongoja hadi mwisho. Kwenye vikwazo, mkono ukigoma, umegoma.

Ndiyo maana nimefurahi kuwa Mabatini. Anayeijua Mwanza anajua nyumba zetu zinavyopanda kilima katikati ya mawe. Gari linaishia chini, zilizobaki ni njia za miguu na ngazi zilizopangwa kwa mikono ya wenyeji. Saa kumi na mbili alfajiri bado kuna kiza, lakini tayari wanafunzi na wachuuzi wanateremka, "mwangaluka", salamu za asubuhi za Kisukuma, zinasikika kila kona. Siku za mwanzo nilipanda kwa kutembea tu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa, kwa hiyo anayetoka Birmingham anaihisi hewa kifuani. Mchakamchaka niliuongeza baadaye, kwenye barabara tambarare ya kuelekea Capri Point, upepo wa ziwa unapuliza na Jiwe la Bismarck linaonekana kule majini.

Wengi hawajui kwamba kushuka kunaumiza misuli kuliko kupanda. Ukipanda, unahema. Ukishuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unajikaza huku unavutwa urefuke, na kesho yake, keshokutwa zaidi, hata kukaa kwenye kigoda ni shida. Mwili ukishazoea, maumivu hayo yanapungua sana. Basi nilikuwa napanda mara nyingi kidogo na kushuka taratibu, nikiongeza kasi wiki hadi wiki.

Mwalimu wangu wa kushuka ni mama mmoja jirani yetu. Maji yakikatika bombani huku juu, anateka bondeni na kupandisha ndoo ya lita 20 kichwani juu ya ngata ya kanga, na akimaliza anashuka na ndoo ya nguo. Nimemfuata nyuma kwa makusudi nimwangalie miguu. Hakanyagi kwa kisigino. Anatanguliza vidole, anasikilizia kama jiwe limetulia, ndipo anauhamisha uzito wake wote. Shingo haitikisiki, macho yako mbele, goti halinyooki hadi mwisho. Kwenye mbio hizi kuna kikwazo cha kubeba ndoo ya mawe kilimani, unaikumbatia kifuani, na watu hulipa makocha wafundishwe anachokifanya mama huyu akiwa anazungumza na mwenzake. Namheshimu sana. Siku hizi ndoo ya nyumbani kwetu naipandisha mimi, naikumbatia kifuani kama inavyotakiwa kwenye mashindano. Mama yangu aliniuliza kama kweli Wazungu wanalipa fedha zao ili wabebe ndoo. Nikamwambia ndiyo, mama, na mimi nimelipa. Akasema basi nisisahau na ya jioni.

Kamba tuliinunua Kirumba, upande wa Mwaloni, nene, ya kufungia mitumbwi. Mtoto wa dada yangu akaifunga kwenye mwembe. "Mjomba, unatumia mikono mno," aliniambia, na alikuwa sahihi. Kamba inapandwa kwa miguu. Ipitishe nje ya mguu wa kulia, izungushe chini ya unyayo, halafu kwa mguu wa kushoto ikandamize juu ya ule wa kulia. Hapo umepata ngazi: nyoosha magoti uinuke, mikono ishike tu, vuta magoti tena. Kabla ya kupanda, nilipitisha muda mrefu nikining'inia tu kwenye tawi, sekunde chache, napumzika, narudia. Kuning'inia huko ndiko kunakokomaza viganja, viwiko na mabega bila kuvirarua. Inachosha roho kwa sababu haionekani kama mazoezi. Ifanyeni hivyo hivyo.

Kuna jambo nimelikataa kabisa. Vijana walipendekeza tukatambae kwenye matope ya ufukweni, yafanane na ya mashindano. Hapana. Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa maji ya pembezoni, kwenye majani na maji yaliyotulia, na vinapenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Hutahisi kitu, au utawashwa kidogo. Madhara yanakuja taratibu, kwenye utumbo na ini. Dawa ipo, prazikwanteli, ila inaua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga inaweza kusalimika, ndiyo maana anayepimwa na kutibiwa mapema mno hushauriwa arudi baada ya wiki kadhaa. Ninyi mnaokuja likizo mkaogelea, mkirudi huko mwambieni daktari kwa kinywa chenu kwamba mliingia Ziwa Victoria. Daktari wa Ulaya akiona uchovu na tumbo linasumbua, huenda kichocho kisimjie akilini hadi umtajie. Sisi tunatambaa kwenye lundo la mchanga wa ujenzi la jirani, kwa ruhusa yake, na viwiko vinakwaruzika vilevile.

Chakula sina la kuwafundisha: sato, dagaa, ugali, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa karanga. Nimekula vizuri na nimelala mapema, basi.

Kilichobaki hakiwezi kufanyika Mwanza, nacho ni kuzoea maji ya baridi. Maji ya ziwa hayashuki sana chini ya nyuzi 24, wakati ya kule Uingereza mwezi Septemba yanakuwa chini ya nyuzi 20. Ukitumbukia ghafla, kifua kinashtuka, unavuta hewa bila kutaka, na kama kichwa kiko majini unavuta maji. Mshtuko huo hutulia baada ya dakika moja au mbili ukijizuia usihangaike, na mwili huuzoea ukikutana nao mara kwa mara. Kwa hiyo nikifika Birmingham nitaoga maji ya baridi kila nikitoka zamu, nikihesabu pumzi za kutoa, na kamba hii naibeba kwenye begi. Kuna mti mnene kwenye bustani ya umma karibu na ninapoishi. Mtanzania yeyote wa pande zile anayetaka kuanza, aje tuning'inie pamoja. Hata kama hajajiandikisha mbio yoyote.