Saa ni ya kumwamsha mtoto, si ya kumzuia: siku moja maishani mwangu kama muuguzi wa kunyonyesha, Mombasa

Saa moja na nusu asubuhi. Zamu imepokelewa, naanza na vitanda vya waliojifungua usiku. Siulizi mtoto amelala vipi, nauliza amenyonya mara ngapi. Mtoto mchanga anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na wengi siku ya kwanza wana usingizi mzito. Kwa hiyo ushauri wa "mnyonyeshe anapotaka" peke yake hautoshi wiki mbili za mwanzo, maana kuna mtoto asiyetaka kwa sababu hana nguvu ya kutaka. Zikipita saa tatu, aamshwe. Saa hizo zihesabiwe tangu alipoanza kunyonya mara iliyopita, si alipomaliza.

Kumwamsha: mvue nguo abaki na nepi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike leso juu. Akianza kulambalamba midomo au kugeuza kichwa akitafuta, mpe. Kilio ni dalili ya mwisho, na mtoto anayelia hashiki titi vizuri.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, haimwagwi. Ni matone machache, pengine kijiko kimoja cha chai kwa mkupuo, na tumbo lake siku hiyo halidai zaidi.

Saa tatu. Mizani. Mtoto hupimwa bila nepi, maana nepi iliyoloa hudanganya. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ila ikifika asilimia 10 hatumwachi mama aende hivi hivi. Tuseme alizaliwa na kilo 3.2, leo siku ya tano ana 2.8: amepoteza asilimia 12.5. Ukiuliza, mara nyingi utasikia mavyaa amesema mtoto anyonye kila saa nne "tumbo lipumzike". Kila saa nne ni mara sita tu kwa siku. (Ratiba hiyo si ya bibi zetu wa pwani. Ilivumishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na daktari Truby King wa New Zealand.)

Kinachoharibika ni hiki: maziwa yanayobaki kwenye titi huupa mwili habari kwamba upunguze kutengeneza. Titi lililonyonywa likalegea hujaza haraka, lililojaa hufanya kazi polepole. Ukimzuia mtoto leo, kesho maziwa yanapungua kweli, na nyumba nzima inasema mama hana maziwa.

Mpango wa mtoto huyu: kila saa mbili mchana, kila saa tatu usiku, matiti yote mawili. Kisha mama akamue, anachopata ampe kwa kikombe kidogo. Kesho arudi kwenye mizani. Akiwa mlegevu, macho ya manjano, au mkojo wa rangi nzito, anaonwa na daktari leo leo. Hapa ratiba ni dawa, na tunaiacha akishaurudia uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida kabla ya siku ya 14. Waliozaliwa njiti nao hulishwa kwa saa.

Nyumbani, hesabu nepi: kuanzia siku ya tano, zisizopungua sita za mkojo kwa siku, na choo laini cha manjano mara tatu au zaidi.

Saa tano. Malalamiko ya upande wa pili: "Sista, ananyonya saa nzima na bado analia." Kabla ya kulaumu ratiba au kukosekana kwake, tazama mdomo. Uwe wazi kabisa, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi uonekane zaidi juu kuliko chini. Usikie akimeza. Chuchu ikitoka imebanwa upande kama ncha ya lipstiki mpya, ameshika chuchu tupu: ingiza kidole pembeni mwa mdomo, mtoe, anzeni upya.

Saa saba mchana. Jua la Februari. Watoto hudai mara nyingi zaidi na kunyonya kidogo kidogo, ni kiu. Asiyefikisha miezi sita hapewi maji hata hivyo: maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, na maji ya kisima hujaza tumbo bila shibe, mara nyingine yakaleta kuhara. Anayehitaji maji ya kunywa ni mama.

Saa nane na nusu. Wanaorudi kazini. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu, na swali la ratiba hugeuka: mtoto anyonye atakavyo mama akiwepo, lakini kazini mama akamue kwa saa, kila baada ya saa tatu hivi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea na kumpa mama muda wa hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Mwambie mwajiri kabla ya kurudi, si siku ya kwanza.

Kiasi: mililita 30 hadi 45 kwa kila saa unayokosekana. Kwa saa tisa, kama 270 hadi 400, zigawe kwenye vikombe vya 60 hadi 90. Maziwa hukaa nje saa nne kwenye joto la nyuzi 25, na Mombasa chumba kisicho na AC mara nyingi kimeshapita hapo, kwa hiyo yaende kwenye kibaridi chenye barafu mara moja. Kwenye friji hukaa siku nne, ndani nyuma, si mlangoni. Yaliyobaki mdomoni mwa kikombe hayahifadhiwi.

Saa kumi na moja jioni. Simu zinaanza: "Tangu alasiri hajaliachia titi, yamekauka?" Hapana. Wengi hunyonya mfululizo jioni. Nepi zikiwa sawa na uzito unapanda, mwache.

Usiku usirukwe. Homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, na anayeruka usiku wote mwezi wa kwanza huamka na titi gumu lenye maumivu. Likipata joto na wewe ukashikwa na homa, endelea kunyonyesha na uje kliniki asubuhi.