Tisa, Pamoja na Mpiga Kinanda

Jana usiku binti yangu alikuwa akikariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, kitabu cha mafundisho ya kipaimara, sehemu ya tatu ya Imani, akakwama pale pale nilipokuwa nikikwama mimi: kwamba kwa akili na nguvu zangu mwenyewe siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili. Akafunga kitabu. "Baba, kama siwezi, mbona Jumamosi mchungaji ananitahini?"

Nikamwambia aendelee tu. Jibu sikuwa nalo, na mawazo yalishahamia kwenye lile benchi la Ujerumani.

Ni ile safari ya 2017, jubilei ya miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa. Wittenberg nitaipita haraka. Mlango wa Kanisa la Ngome si ule wa mbao ambao Luther anasimuliwa kupigilia hoja zake 95. Ule uliungua 1760 katika Vita vya Miaka Saba, na huu wa shaba wenye hoja hizo kwa Kilatini uliwekwa 1858. Hata hivyo nilipiga picha nimeuegemea, utadhani nyundo nilishika mimi.

Jumapili tukapelekwa kijiji cha jirani. Nilikwenda kifua mbele. Mwezi Mei, mjini Windhoek, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikuwa limemchagua Musa Filibus wa Nigeria kuwa rais, miaka 40 baada ya Askofu Josiah Kibira wa Tanzania kuchaguliwa Dar es Salaam. Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri la Ethiopia, lililoundwa 1959 likiwa na washiriki kama 20,000, lilikwisha kulipita Kanisa la Uswidi kwa idadi. Takwimu hizo nilizibeba kama mtu aliyelipwa mshahara jana.

Kanisani tulikuwa tisa, pamoja na mpiga kinanda. Mchungaji, mama mwenye sharika kadhaa na ibada nyingine ikimngoja saa mbili baadaye, aliwatangazia kwamba mgeni atasema ile sehemu ya tatu na maelezo ya Luther, kwa Kiswahili. Nikasimama, nikaanza.

Nyuma yangu sauti ikaanza pia. Kavu, ya kizee, kwa Kijerumani. Nikageuka kidogo: bibi mwenye koti la kijivu, macho kayafumba, kashika mgongo wa benchi. Hakuwa akitafuta maneno. Yalikuwa yakimjia kama pumzi. Nilijaribu kwenda naye, nikashindwa. Mara ananitangulia, mara namsikia nyuma. Tulikutana kwenye "Yesu Kristo", tukaachana tena. Mwisho mimi nilikuwa bado na sentensi nzima. Akanyamaza, akanisubiri. Nilipomaliza, akatamka peke yake maneno ya kufungia, kwamba hii ni kweli hakika, na hapo sikuhitaji mkalimani.

Baada ya ibada aliniuliza kama kwetu tuko wengi. Nikamwaga takwimu zangu zote. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa. Kisha akasimulia: alipokuwa msichana, serikali ya Ujerumani Mashariki ilileta sherehe yake, Jugendweihe, ichukue nafasi ya kipaimara. Yeye akachagua kipaimara. Alitaka kuwa daktari. Mlango wa sekondari ya juu ukafungwa, akamalizia maisha yake ya kazi katika chumba cha kufulia nguo. Wenzake hawakumkana Mungu kwa kelele, alisema. Waliacha tu kuja.

"Na ninyi," akauliza, "nani anawazuia?"

Nikacheka. Nikasema hakuna.

"Aa," akasema. Basi.

Kwenye basi nilikumbuka hoja za Luther za Heidelberg za 1518, ambazo nimezifundisha mara nyingi: mwanateolojia wa utukufu, anayemtafuta Mungu katika ukuu na mafanikio, huita ubaya wema na wema ubaya; yule wa msalaba, anayemtafuta katika mateso, huita kitu kwa jina lake. Ilinijia kujihukumu papo hapo, kwamba mtu wa utukufu ndiye huyu kwenye kiti cha dirishani. Lakini hata hilo niliona ni rahisi mno. Kanisa kujaa si dhambi, wala benchi tupu si utakatifu. Na ile "Aa" sijui hadi leo ilikuwa ya kutuonea wivu au ya kutuhurumia.

Asubuhi hii nimemsikia binti akirudia maneno yake akijiandaa kwenda shule. Sasa "siwezi" anaipita bila kukwama, upesi, kama anayeruka dimbwi. Nilisimama nje ya mlango wake nikaondoka bila kubisha.