Siku niliyomuozesha dada yangu

Baba alipofariki, uwalii wa dada zangu, yaani mamlaka ya kuwaozesha, ulinishukia mimi. Babu mzaa baba alikuwa ameshatangulia, na katika madhehebu ya Shafi wakikosekana hao wawili anafuata kaka. Basi dada alipoposwa, hapa hapa Tanga, mimi ndiye niliyetakiwa kutamka.

Mawalii wengi humpa shehe uwakala aozeshe yeye, wao wakakaa pembeni. Nilikataa. Ami yangu alisema ni kiherehere, na pengine kweli.

Kwanza idhini. Nikaingia chumbani na mashahidi wawili, nikamkuta dada katikati ya mashangazi na moshi wa udi. Nikamuuliza kama ananiruhusu nimuozeshe kwa fulani bin fulani, kwa mahari aliyoyataja mwenyewe. Kimya. Kwa mwari kimya huhesabiwa ridhaa, lakini niling'ang'ania anijibu. Shangazi akanikata jicho. Dada akasema, "Nimekuruhusu, kaka," na vigelegele vikalia kabla ya wakati wake.

Msikitini tulikaa na bwana harusi goti kwa goti, tumeshikana mikono. Shehe akasoma hotuba, akanigeukia. Nikasema: "Nimekuozesha dada yangu, fulani binti fulani, kwa idhini yake na kwa mahari mliyokubaliana." Kwa Kiswahili. Ami alitaka Kiarabu. Shehe alishamwambia lugha yoyote wanayoielewa wahusika inatosha. Jibu linatakiwa lije papo hapo, pasipo maneno mengine kuingia kati. Shemeji akamumunya. Shahidi mmoja, mzee mwenye sikio zito, akatikisa kichwa: hakusikia kitu. Tukarudia, na safari hii "Nimekubali kumuoa" ilifika mpaka barazani.

Kwa macho hakuna kilichobadilika, mkeka ni ule ule na watu ni wale wale. Lakini kijana yule sasa ana wajibu wa kumlisha dada yangu na kumvisha. Akifa leo usiku, dada anarithi. Na mama yetu, ambaye asubuhi alikuwa mwanamke wa mbali kwake, ameshakuwa maharimu wake wa milele: hata wakiachana kesho, hawezi kumuoa mkwewe kamwe. Yote hayo kwa sentensi mbili!

Ndiyo maana wazee hawapendi utani katika mambo haya. Imepokewa hadithi ya Mtume kwamba vitu vitatu mzaha wake ni kweli: nikahi, talaka na kumrejea mke. Kwenye ubwabwa rafiki mmoja wa shemeji alianza kumfundisha, kwa kicheko, namna ya kuacha. Bibi alimnyamazisha kwa neno ambalo siliandiki hapa.

Serikali nayo ina matamko yake. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, huku Bara, kauli ya mume peke yake haivunji ndoa. Sharti mahakama itamke.

Na cheti? Huko jina la dada lilipoteza irabu moja. Mdomoni tulikosea tukarudia papo hapo. Karatasini, alipokwenda kuomba pasipoti, akaambiwa huyu wa kwenye cheti si yeye. Ikabidi aape mbele ya wakili kwamba mwenye irabu na asiye na irabu ni mtu mmoja. Wakili akagonga muhuri, wakawa mmoja.

Mdogo wetu naye ameposwa, na kijana wa Pangani. Kutamka nitatamka mwenyewe tena, ila kabla hatujanawa mikono kula, cheti kile nitakisoma herufi kwa herufi.